Kipupwe Nilipokuwa Macho ya Baba Rukia

Mwezi uliopita Mama Rukia alinipigia simu kutoka Tanga, asubuhi, nikiwa nimemshika mteja kichwa. Niliona jina lake kwenye kioo cha simu, nikajua. Mama Rukia hapigi asubuhi. Yeye ni mtu wa alasiri, akishamaliza kazi zake na kukaa kibarazani, ndipo anapotaka habari za watoto, za baridi, za bei ya mchele huku ninakoishi sasa. "Zawadi," alisema, "mwenzangu katangulia." Nikabaki nimesimama na kitana mkononi. Akaendelea kwa sauti ndogo kwamba Baba Rukia hakusumbuka, alilala mchana baada ya kula, na alipokwenda kumwamsha kwa ajili ya sala akamkuta ameshaondoka. Mteja wangu akaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama. Nikamwambia baba yangu amefariki. Kwa damu haikuwa kweli, lakini sikuwa na neno jingine la kumpa, na tangu siku hiyo sijaweza kulitafuta. Wanangu wanamjua kwa picha moja tu iliyobaki kwenye simu yangu ya zamani: mzee mrefu amesimama mchangani, amevaa suruali ya mpira iliyompanda mpaka kifuani, anacheka huku akitazama pembeni. Wanadhani anacheka na mtu aliyekuwa pembeni ya mpiga picha. Hapakuwa na mtu. Baba Rukia hakuona simu ilipo.

Ilikuwa mwaka 2018, na mimi nilikuwa msichana ambaye bado hajafika miaka ishirini na mitano. Sitaeleza hapa nilivyotoka Uvira wala njia niliyopita mpaka Johannesburg. Hayo nimeshayaeleza mbele ya madirisha mengi, kwa watu waliokuwa wakiandika bila kuninyanyulia uso. Nataka kueleza kipupwe kimoja. Tulikaa Bellevue, katika nyumba ya zamani yenye dari ndefu ambayo mwenye nyumba aliigawa vyumba kwa mbao. Chumba changu kilikuwa nusu ya sebule. Nusu ya pili walikaa Baba Rukia na mkewe. Rukia mwenyewe alikuwa ameolewa Tanga, sikumwona ila kwenye picha. Katikati ya dari ya sebule ile, waliojenga walikuwa wameweka ua kubwa la plasta, na ubao uliotutenga ulipita katikati yake, kwa hiyo mimi nililala chini ya nusu ya ua na wao wakalala chini ya nusu nyingine. Ubao ulikuwa mwembamba. Nilijua Mama Rukia akitia hiliki kwenye chai, nilijua mzee akipiga chafya, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa saa yangu: ikianza najua kumekucha, ikinyamaza najua wanakula. Wakijua nimerudi kazini sina kitu cha kupika, Mama Rukia aligonga ubao kwa upawa na kusema, "We Mkongo, sahani yako inapoa." Hivyo ndivyo nilivyopata wazazi katika jiji lile, kupitia ukutani.

Mwaka ule hofu ilikuja na baridi. Mtu alirekodi sauti, ikapita kwenye simu za watu wote: Jumatatu fulani, wiki kadhaa mbele, wageni wote wafunge maduka yao waondoke, wasipoondoka wataondolewa. Hakuna aliyejua sauti ile ni ya nani. Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu anayesoma, na utulivu huo ndio ulionitia baridi. Dada wa Kikameruni aliyeniajiri saluni kule Yeoville alishusha shata la mlango mchana, wateja wawili wakiwa bado na vichwa nusu nusu, akasema tutafungua hali ikitulia. Nikarudi nyumbani, nikakaa chumbani. Nilijifunza kusikiliza geti. Kuna namna geti linavyogongwa na mtu anayekaa humo, na kuna namna linavyogongwa na mtu mwingine, na kila mara lilipogongwa kwa namna ya pili nilikuta nimesimama, viatu mkononi, sijui nilisimama saa ngapi. Usiku ule ule nilisikia Mama Rukia akiuliza kupitia ubao, "Kwani tusiondoke?" Na mzee, "Twende wapi, Mama Rukia? Hata begi la kuondokea sina." Cherehani ikaendelea. Nikajiambia, kama cherehani inaendelea, basi bado.

Lakini katika kukaa ndani siku hizo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo ningekuwa kazini nisingeliona. Cherehani ilikuwa ikisimama sana. Kila Mama Rukia alipotoka kwenda dukani, niliitwa: "Zawadi, mwanangu, njoo unitungie uzi." Mzee alilaumu taa. Akasema taa za nyumba hii hazina nguvu, umeme wa siku hizi ni wa kuzugia watu. Nilimtungia uzi nikaona anavyoshika kitambaa: hakutazama mshono, aliufuata kwa kidole gumba. Alipomimina chai alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, na mimi nilikuwa nimedhani ni tabia tu ya wazee. Kisha siku moja mchana kweupe nilikutana naye kwenye robot, yaani taa za kuongozea magari, za barabara kubwa, zikiwa nyekundu, tumesimama uso kwa uso, mimi upande huu na yeye upande ule. Nikampungia mkono. Akanitazama moja kwa moja, wala uso wake haukubadilika. Taa ilipobadilika hakuvuka mpaka aliposikia watu wengine wanavuka. Nilipomfikia nikasema, "Shikamoo, Baba," akashtuka kama mtu aliyeguswa gizani. "Marahaba! Ah, Zawadi, nilikuona tangu kule." Nikamshika kiwiko. Naye akajua kwa nini nimemshika. Tukatembea mpaka karibu na geti, ndipo aliposema, taratibu, "Mama yako usimwambie. Akijua sioni, hataniacha niende baharini."

Hapo ndipo lazima nieleze habari za bahari, maana mtu atauliza, Johannesburg na bahari wapi na wapi. Uani kwetu alikuwapo Bheki, fundi wa magari, kijana Mzulu mwenye miraba minne, aliyekuwa na bakkie yake chakavu, gari dogo la mizigo. Kwao ni pwani, kusini ya Durban, na mama yake alikuwa bado anaishi huko. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, alifunga kazi mapema akateremka kumwona, na kila kipupwe Baba Rukia alipanda naye. Kipupwe ndicho msimu. Maji yakipoa, sadini hupita pwani ile kwa makundi yasiyo na mwisho, na samaki wakubwa waitwao shedi huwafuata nyuma, na watu husimama ufukweni na fimbo ndefu wakirusha ndoana ng'ambo ya mawimbi. Hawapandi chombo chochote. Wanaingia na miguu yao, mpaka magotini, mpaka mapajani, wanarusha, wanarudi. Mzee alikuwa na rafiki yake Mrundi aliyekwenda naye, lakini Mrundi yule aliisikia ile sauti ya kwenye simu akahamia Cape Town wiki hiyo hiyo. "Sasa nataka twende na wewe," mzee aliniambia. "Kazi yako ni kutazama tu." Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ninaogopa maji, kwetu ziwa lilikuwa mlangoni na sikuwahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Akacheka. "Ndiyo maana nakutaka wewe. Bheki haogopi, kwa hiyo hatazami."

Kwa nini nilikubali? Nimejiuliza sana mwezi huu. Nadhani nilikuwa nimechoka kuogopa kitu kisicho na sura. Kule nyumbani nilikuwa naogopa geti, simu, vijana watatu wakisimama pamoja kwenye kona. Pengine nilifikiri bahari angalau itakuwa mbele yangu.

Safari ya kwanza niliogopa hata kabla ya bahari. Barabarani, mbele ya milima, tulikuta polisi wamesimamisha magari. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda, na ofisi ilikuwa imenipa tarehe ya kurudi ambayo ilikuwa mbali. Mzee aliketi katikati yetu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Lala." Nikaegemeza kichwa kwenye kioo, nikafumba macho, nikawa nasikia moyo wangu kwenye kile kioo. Bheki alishusha dirisha, akasalimia kwa Kizulu, akauliza polisi kwao wapi, wakakuta wana mji mmoja wanaoujua wote wawili. Polisi akauliza, "Na hawa?" Bheki akasema, "Baba na dada. Tunakwenda kuvua shedi." Kisha polisi akasema, "Sharp," yaani sawa, "mniletee mmoja," akapiga paa la gari kwa kiganja. Kile kishindo bado ninacho mwilini. Tulikwenda kitambo ndipo mzee akasema, "Unaweza kuamka, mwanangu," nikagundua kwamba meno yangu yameuma mkono wa sweta mpaka umelowa.

Mama yake Bheki, ambaye sote tulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alitupokea kwa uji mgumu wa mahindi na maziwa ya mgando, tukala tumezunguka jiko la mkaa huku redio ikisema sadini wameonekana upande wa kusini na wanapanda. Alinitazama sana, akamwambia Bheki neno, Bheki akanitafsiria: "Anasema umekonda, ule zaidi." Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na ndani ya nyumba ile iliyokuwa mbali kabisa na maji niliisikia bahari. Sikujua kwanza ni nini. Nilidhani ni malori barabarani, yasiyokwisha.

Alfajiri tuliteremka mpaka ufukweni. Ziwa letu lina hasira zake, na wavuvi wengi wa kwetu hawakurudi, lakini ziwa hukasirika kisha likatulia. Ya bahari hii haikuwa hasira. Ilikuwa ni hali yake tu. Ufuo ulikuwa wa mwinuko, mchanga umekatwa kama ngazi, na mawimbi yaliinuka karibu kabisa na miguu ya watu, yakasimama, yakaangukia hapo hapo kwa kishindo kilichotikisa ardhi. Kisha maji yakarudi nyuma yakivuta kokoto, na sauti ile ya kurudi ndiyo iliyonitisha kuliko ya kuja, sauti ya nafaka nyingi zinazomwagwa kutoka guniani. Watu walikuwa wamejipanga katika mstari mrefu, Wazulu, Wahindi wa Durban na wazungu wachache, kila mtu na fimbo yake, hakuna anayezungumza. Walitugeukia tulipopita, na Bheki akashika nafasi yake mbali kidogo nasi. Baba Rukia alivaa suruali yake ya mpira, akaikaza kwa kamba kiunoni, akasimama kando yangu uso umeelekea kwenye kelele. "Haya, nambie," akasema. "Maji meupe yako wapi, na meusi yako wapi?" Nikamwambia. Akanifundisha kwamba meupe ni fungu la mchanga, meusi ni kina, na samaki hupita kwenye meusi. Akanifundisha kutazama mbali, si karibu. Mawimbi huja kwa makundi, madogo madogo, kisha makubwa kadhaa, kisha bahari hupumua. "Ukiona mstari unapanda kule nyuma kabisa, usingoje. Piga kelele."

Akaingia. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, akazungusha mwili mzima, fimbo ikalia hewani, na ile risasi ya kuzamisha mshipi ikaruka ng'ambo ya mapovu. Ilikuwa kazi nzuri kutazama, hata mimi niliyekuwa naogopa niliona ni nzuri. Kisha nikaona mstari. "Baba! Iko inakuja! Iko inakuja!" Akarudi kinyumenyume, mbio mbio, maji yakimkimbiza, akafika juu anahema, akasema, "Si iko inakuja, Zawadi. Sema linakuja. Wimbi, linakuja." Watu wa Tanga. Hata kifo kikiwajia, kije na sarufi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kila safari. Sikuzoea. Watu husema mtu huzoea, mimi sikuzoea. Kila mara hofu ilianza tangu milimani. Nilitazama mpaka macho yakaniwasha chumvi, sikula, sikuketi, na mara nyingine alipokuwa majini nilijikuta nashika shingo ya sweta yangu kana kwamba ni shingo ya nguo yake. Lakini shedi walitoka, wembamba, wa kijivu chenye kijani, wenye meno ya kukata kidole. Alinifundisha kutia chambo, kisha kurusha mwenyewe kutoka kwenye mchanga mkavu, na siku niliyomtoa wa kwanza nilipiga mayowe ya kike yaliyowafanya hata wale wasiotusalimia watabasamu. Jumapili jioni Mama Rukia aliwakaanga kwa ndimu na pilipili, kwetu kote kukanukia, na watu wa vyumba vingine wakatokea mmoja mmoja na visahani vyao. Wote walikuwa na sura zilezile za kusikiliza geti, lakini kwa muda ule walikula. "Mume wangu ana macho," Mama Rukia alisema siku moja akichambua miba. "Mwanadamu anamwonaje samaki ndani ya mapovu?" Mzee akacheka, "Ni uzoefu tu." Mimi nikainamia sahani yangu, maana nilijua siku bahari itakapomchukua yeye, nitakayemrudia ni mwanamke huyu.

Ilikuwa Jumamosi sadini walipofika kwenye ufuo wetu. Kwanza ndege, weupe, wakijitupa majini kama mawe. Kisha maji yakageuka rangi ya zambarau, na mtu mmoja akapiga yowe, na mstari ule wote wa watu wanyamavu ukavunjika. Wanawake walikimbia kutoka juu na ndoo, watoto na mashuka, wazee wamekunja suruali, wote wakiingia majini kukomba samaki kwa mikono. Baba Rukia alikuwa majini mpaka mapajani, uso umejaa furaha; alisikia kelele, akajua sadini wamefika, na samaki wakubwa wako nyuma yao. Ndipo nilipoona mstari ukipanda kule nyuma. Haukuwa mmoja. Nikapiga kelele. Nikaita, "Baba! Iko inakuja!" kwa nguvu zangu zote, na kila mtu pande zote alikuwa akipiga kelele vilevile, kwa lugha zote, kwa furaha. Akaisikia sauti yangu. Najua aliisikia, kwa sababu alinigeukia. Alinigeukia akitabasamu, akainua fimbo juu kunionyesha kwamba naye anafurahi.

Wimbi lilimwangukia mgongoni. Nilimwona anakwenda chini, kisha maji yakarudi na kokoto zake, na nilimwona tena akiwa mbali kuliko alivyokuwa, ameketi, anajaribu kusimama, na suruali ile ya mpira imevimba imejaa maji kama ndoo yenye mtu ndani. Hakuweza kuinua miguu. Hakujua ufuo uko upande gani. Alikuwa anatambaa kuelekea baharini.

Sikumbuki kuingia. Nakumbuka baridi kifuani na kwamba nguo yake niliishika shingoni, kama nilivyokuwa nikiishika yangu. Wimbi la pili likatuviringisha pamoja. Chini mle hakuna juu, hakuna sauti, kuna mchanga tu unaokusugua uso, na niliwaza kwa utulivu wa ajabu kwamba basi ndiyo hii, na kwamba hapa angalau hakuna anayeniuliza karatasi. Kisha goti langu likagonga chini, na mikono mingi ikatushika, ya Bheki, ya wanawake wenye ndoo, ya mzee mmoja wa Kihindi mwenye kofia ya sufu ambaye kwa wiki nyingi nilikuwa nikimwogopa kwa sababu hakuwahi kuitikia salamu. Bheki alikata mikanda ya suruali kwa kisu cha chambo, maji yakamwagika na sadini ndani yake, wanarukaruka mchangani. Baba Rukia alitapika bahari. Mzee wa Kihindi akamtia kikombe cha chai mkononi, akamshikisha vidole kimoja kimoja, akamfokea kwa Kiingereza. "Mjomba, lile wimbi lilikuwa kama nyumba! Hukuliona?"

"Nililiona," Baba Rukia alisema.

Bheki akanitazama mimi. Nilikuwa nimelala kifudifudi, nimejaa mchanga mpaka mdomoni. "Haoni," nikasema. "Hajaona kitu tangu tuanze kuja." Baba Rukia aliinamisha kichwa juu ya kile kikombe, na sadini wakaendelea kukombwa pembeni yetu kana kwamba hapajatokea jambo.

Tulirudi Johannesburg usiku uleule. Alikuwa amevaa nguo za Bheki, pana, na Mama Rukia alipofungua geti alitazama nguo zile, akatazama uso wangu uliochubuka, akatupisha tupite. Nililala chini ya nusu yangu ya ua la plasta nikasikia yote. Alimweleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayevua viatu vinavyombana: macho tangu lini, uzi nani anamtungia, bahari, wimbi. Kisha nikasikia kitanda kikilia, na mlango wangu ukagongwa. "Ulikuwa unajua," alisema. Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilingoja kofi, na ningelipokea. Akashika mikono yangu akaigeuza, akatazama kucha zilizokatika. "Uliingia?" "Niliingia." "Unajua kuogelea?" "Sijui, mama." Akaketi kwenye kitanda changu, huyu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona analia hata siku ya ile sauti ya kwenye simu, akajifunika kanga usoni, akalia mpaka mzee akagonga ubao kuuliza kama tuko salama.

Siku mbili baadaye ilikuwa ndiyo ile Jumatatu. Tulijifungia nyumba nzima, watu wote wa vyumba vyote, tukakaa jikoni pasipo na dirisha la mbele. Kulisikika vioo vikivunjwa upande wa chini wa barabara, na watu wakikimbia, na king'ora kikapita bila kusimama. Duka la Mhabeshi aliyekuwa akiniuzia vocha liliporwa, yeye mwenyewe akatoroka kupitia darini. Kwetu hawakuja. Mpaka leo sijui kwa nini hawakuja. Mama Rukia alikaa ameshika mkono wa mumewe muda wote, na kila kishindo alimweleza, sikioni, kinachoonekana kupitia ufa wa mlango, na hata asipoona kitu alimweleza pia.

Ni yeye aliyekwenda msikitini akauliza, na ni msikitini alikoambiwa kuna madaktari wanaojitolea kupasua macho. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, jambo la asubuhi moja kila jicho. Miaka aliyokuwa akilaumu taa! Walipomfungua bandeji ya pili, alimtazama Mama Rukia kwa muda mrefu, akasema, "Mama Rukia, kumbe umezeeka," akapigwa na ncha ya kanga mpaka nesi akacheka. Nyumbani alizunguka akigusa vitu ambavyo sasa hakuhitaji kuvigusa. Alitunga uzi mwenyewe, akauchomoa, akautunga tena.

Mwisho wa Agosti, daktari alipomruhusu, Bheki alikuwa anateremka kwa mama yake. Sikutaka kwenda. Lakini Mama Rukia aliniambia, "Nenda naye. Atataka kuiona," na kwenye gari mzee alisema njia nzima kama redio, anasoma vibao, anahesabu ng'ombe mabondeni, anatuonyesha theluji kidogo iliyobaki kwenye vilele. Asubuhi tulipanda kile kilima cha mchanga, yeye mbele kwa haraka, fimbo begani. Alipofika juu akasimama. Mimi nilimfikia, nikadhani anapumzika. Bahari siku ile haikuwa mbaya, ilikuwa kama ilivyokuwa sikuzote, inainuka, inasimama, inaanguka. Alitazama kundi moja la mawimbi mpaka likaisha, kisha la pili. Mkono wake ukatafuta bega langu kama zamani, alipokuwa haoni.

"Hivi ndivyo ilivyo?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo, Baba."

"Siku zote?"

"Siku nyingine mbaya zaidi."

Aliteremka mpaka kwenye ukingo wa maji. Povu likamgusa vidole, akarudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi tena. Mzee wa Kihindi mwenye kofia ya sufu alituona akainua kikombe chake kutusalimia. Baba Rukia hakumrudishia. Alikwenda akaketi kwenye mchanga mkavu, akanipa fimbo bila kunitazama, macho yake mapya yameganda kule nyuma kwenye mstari. "Ulikuwa unayaona haya yote," alisema. "Kila tulipokuja. Na mimi nimesimama mle ndani. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuambia, Baba. Nilikuwa napiga kelele."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilidhani unaogopa tu."

Hakuingia tena majini, wala mwaka uliofuata, mpaka walipofunga cherehani kwenye boksi wakarudi Tanga. Alikuja kila safari, akaketi palepale amejifunga blanketi. Niliyeingia ni mimi, mpaka magotini, hofu yangu ikiwa ni ileile ya siku ya kwanza, nikarusha, nikarudi. Na nikiwa majini nilimsikia nyuma yangu akiita kwa sauti iliyopasuka, "Zawadi! Linakuja! Linakuja, mwanangu!" Nilikimbia kila mara, nikageuka, na mara nyingi hapakuwa na wimbi lolote.